Kipimo cha Khasara ni Amana

Mtu anunuapo ndizi katika soko la Birongo, nchi ya Wakisii, akazipakia katika lori kwenda Mombasa, hununua na hatari pamoja nazo. Huenda bei ikashuka. Huenda lori likaharibika njiani, ndizi zikaoza. Biashara hii ni halali, wala si aibu kupata khasara ndani yake. Lakini yuko atiaye rasilmali yake mwenyewe, na yuko atiaye ya wenziwe. Huyu wa pili akiulizwa, "Twaweza kupoteza kiasi gani?" jawabu lake si hesabu tu, ni amana.

Benki kubwa zinazonunua na kuuza kwa faida yao wenyewe, si kwa kuagizwa na wateja, zina kipimo cha jawabu hilo. Husema, kwa mfano: katika siku 100, siku 99 khasara haitarajiwi kupindukia kiasi kadha. Ni hesabu nzuri. Lakini haisemi neno juu ya siku ya mia. Na siku hiyo ndiyo lori hulala porini na shehena yote.

Mwaka 2012, ofisi ya London ya JPMorgan Chase, benki ya Marekani, ilikuwa ikichuma kwa amana za wateja zilizozidi mikopo. Mwezi wa Januari hatari ilipita mpaka uliowekwa. Je, waliipunguza? La, walibadili kipimo, na hatari ikaonekana imepungua kwa karibu nusu. Karatasi ilibadilika, mzigo ukabaki ule ule. Khasara ilipita dola bilioni 6, na mwaka 2013 benki ikatozwa faini zaidi ya dola milioni 900.

Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika fungu la nafaka sokoni, akakuta juu pakavu, chini pametota. Hakumlaumu muuzaji kwa mvua iliyonyesha. Alimlaumu kwa kuuficha umaji wake. Khasara ni mvua. Kuificha ndiyo dhambi.

Basi, ndugu yangu uliyekabidhiwa fedha za mayatima, za msikiti au za shirika la jamaa zako, usiwacheke watu wa London. Waeleze wenye mali siku ya mia kabla ya kuwaeleza zile 99. Tena mizani na ishikwe na mtu asiyegawiwa faida. Kwani mkono wenye tamaa hauwezi kupima ukaacha kubonyeza.

Wallahu a'lam.