Pafu la maiti, figo la mgonjwa



Tarehe 11 Juni 1963, huko Jackson, Mississippi, Marekani, Dkt. James Hardy alimpandikiza mtu pafu la maiti. Ilikuwa mara ya kwanza duniani. Pafu lilifanya kazi, lakini mgonjwa alifariki baada ya siku 18. Kilichomuua ni mafigo, ambayo yalikuwa mabovu tangu kabla ya kupasuliwa.

Mgonjwa yule alikuwa mfungwa wa maisha, kwa kosa la kuua. Daktari aliandika baadaye kwamba hakumtajia habari ya kupunguziwa kifungo. Ila wakubwa wa serikali waliulizwa faraghani, wakaonyesha kwamba wangemtazama kwa wema. Hapo ndipo penye swali. Mfungwa mwenye saratani ya pafu akisema "ndiyo", hiyo ni ridhaa? Mimi naiona pungufu, wala si kwa ajili ya minyororo: jambo lake lilizungumzwa na wengine, yeye hakuambiwa. Na tusiwacheke Wamarekani. Nani kati yetu hapa Uvira hajaona kaka au mume akitia sahihi, na mgonjwa anaambiwa tu "utapona"?

Mgonjwa mwingine alipandikizwa Toronto, Kanada, mwaka 1983, akaishi zaidi ya miaka 6. Naye mafigo ndiyo yalimwondoa. Dawa kama siklosporini huuzuia mwili usilikatae pafu geni, lakini hubana mishipa midogo ya damu ndani ya figo, na kwa miaka huacha makovu. Basi anayepokea pafu huenda akawa analipa kwa figo, kidogo kidogo.

Mafakihi wana kanuni: dhara dogo hubebwa ili kuepuka kubwa. Majmaa ya Fiqhi iliyokutana Jeddah mwaka 1988 iliruhusu kupandikiza viungo kwa masharti, ikakataza kuviuza. Lakini nani apime lipi ndilo dogo? Miaka kadhaa ya kupumua, pengine mwishoni mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki: mzani huo anaushika atakayeubeba mzigo, baada ya kuelezwa yote, na mafigo yake kupimwa kwanza.

Na akikataa? Wapo watakaosema amejiua. Sikubaliani nao. Wanazuoni wengi hawakuyafanya kuwa wajibu matibabu ambayo kupona kwake si yakini.