KUZARAU NA KUPUUZA: MANENO MAWILI YANAYOPIMA MOYO

Masomo: Mwanzo 25:29-34, Matayo 22:1-6, 1 Watesalonika 5:19-22, Marko 5:35-42



Kuna zambi zinazopiga kelele, na kuna zambi zinazokaa kimya. Mutu akimutukana muzee mbele ya watu, wote watasema: "Amemuzarau." Ataitwa, ataonywa, ataomba musamaha. Lakini mutu akisikia shauri la yule muzee, akaitika "Ndiyo, baba," kisha akaenda zake bila kufanya kitu, nani atamuita? Hakuna. Basi leo tutazame maneno haya mawili, kuzarau na kupuuza. Tumezoea kuyachanganya, na katika kuyachanganya tunapata mahali pa kujificha.

1. Kuzarau

Kuzarau ni kumutazama mutu ao kitu toka juu na kusema moyoni: huyu si kitu. Zarau ina macho yake, ina mudomo wake uliopindishwa, ina maneno yake: "mutu wa bure", "yeye ni nani?" Watu wa Nazareti walimufanyia Yesu hivyo. Walimujua kama fundi, walijua mama yake na ndugu zake, basi wakaona hawezi kuwa zaidi ya pale. Katika Kiebrania, neno la heshima linatoka katika uzito, na neno moja la kuzarau linatoka katika wepesi. Hagari alipopata mimba alianza kumuona bibi yake Sarai kuwa mwepesi. Mwenye kuzarau ameshika mizani mukononi, na amekwisha kupima.

Maandiko yanasema ya kama Esau naye alizarau haki yake ya muzaliwa wa kwanza. Lakini tazameni namna alivyofanya. Hatusomi mahali popote ya kwamba aliitukana ile haki. Alikuwa na njaa, chakula kilikuwa tayari, na baada ya kushiba aliondoka kama mutu ambaye hajapoteza kitu. Zarau yake haikuwa na kelele. Ilipita katika mulango wa kupuuza.

2. Kupuuza

Neno hili ni la jamaa moja na upuuzi na mupuuzi. Anayepuuza neno amelihesabu kuwa upuuzi, hata kama mudomo wake haukusema hivyo. Tunalisoma zaidi katika vitabu, nyumbani na sokoni tunalisema kwa njia ingine: "Haina neno." "Haizuru." "Achana nayo." "Tutaona kesho."

Maneno haya si mabaya kila mara. Mutoto akivunja sahani na kulia, mama akimwambia "haina neno", ile ni huruma. Lakini baba akiambiwa kwamba mutoto ana homa siku ya tatu, naye akajibu "haina neno", ile si huruma tena. Neno ni lile lile. Muzigo uliobebwa na neno ndio uliogeuka. Wazee walisema: Muzarau mwiba, muguu huota tende. Nani anatukana mwiba? Mutu anaendelea tu kutembea nao.

Wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, toka 2018 mpaka 2020, watu zaidi ya 2200 walikufa. Wengine walisikia onyo la kunawa mikono na kutogusa maiti, wakasema ni mambo ya siasa. Tusiwahukumu upesi. Kilio chao juu ya vita kilikuwa kimepuuzwa miaka mingi. Mutu aliyepuuzwa anajifunza kupuuza, na mauti inakula pande zote mbili.

Sasa tuingie katika mufano wa arusi. Kati ya walioalikwa, kuna waliowapiga na kuwaua wajumbe wa mufalme. Lakini wengine hawakumutukana mutu. Mumoja alikuwa na shamba, mwingine alikuwa na biashara. Shamba si zambi, biashara si zambi. Walikuwa na kazi tu. Hata hivyo, kiti cha mupole mwenye shamba kilibaki wazi sawasawa na kiti cha muuaji.

3. Adui waliosikia kuliko sisi

Historia ya inchi yetu inatuonyesha kwamba mutu anaweza kuzarau bila kupuuza. Katika mwaka 1921 Simon Kimbangu alihubiri na kuombea wagonjwa kule Nkamba kwa miezi michache tu. Tarehe 3 Oktoba 1921, baraza la kiaskari kule Thysville, leo Mbanza-Ngungu, lilimuhukumu kufa. Mufalme Albert wa Ubelgiji akageuza hukumu ile kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa mbali, Elisabethville, leo Lubumbashi, akabaki mufungwa mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30!

Wakubwa wa koloni walimuzarau mutu mweusi. Lakini je, walipuuza neno lake? Hapana. Hakuna anayetuma askari juu ya neno lisilo na uzito.

Na sisi? Hatulizarau neno la Mungu. Tunalisimamia, tunaliimbia, tunalipigia ngoma. Kisha siku ya kwanza ya kazi inafika, na neno halina kazi kwetu. Ndugu, wengi wetu hatumuzarau Mungu. Tunamupuuza.

4. Kupima si kuzarau

Mutume Paulo aliwakataza Watesalonika kuzarau unabii, na mara moja akawaagiza wapime yote na kushika lililo jema. Basi mwenye kupima hajazarau. Tuseme wazi, kwa maana jambo hili linaumiza watu katika makanisa mengi. Mama ameombewa mutoto wake, kisha anamubeba kwenda hospitali. Asiambiwe: "Umezarau unabii." Maombi na dawa vyote vinatoka mukononi mwa Mungu mumoja. Mutumishi anayemufunga mama kwa neno lile, yeye ndiye anayepuuza: anapuuza pumuzi ya mutoto.

5. Kupuuza kunakookoa

Yairo alipokuwa njiani na Yesu, watu walileta habari kwamba binti yake amekufa, hakuna sababu ya kumusumbua Mwalimu. Neno la Kigiriki lililoandikwa hapo na Marko lina maana mbili: kusikia jambo lililosemwa pembeni, na kulipuuza. Yesu aliisikia habari, lakini hakuipa ruhusa ya kugeuza njia yake. Tena neno lile lile liko katika Matayo 18:17, juu ya ndugu anayeonywa na kukataa kusikia. Sikio moja, kazi mbili.

Basi tupuuze matusi, tupuuze masengenyo, tupuuze woga unaosema kwamba imekwisha. Lakini onyo la ndugu, deni la jirani, machozi ya muke wako, mujane anayesema paa la nyumba yake linavuja: juu ya hayo usiseme "haina neno".

Wiki hii kila mumoja atafute jambo moja alilolijibu hivyo, arudi kwa mutu yule, na kumwambia: "Nilikusikia. Nimekuja."

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, wewe hukupuuza kilio chetu hata siku moja. Utupe masikio yenye kufunguka mahali pa haki na kufungwa mahali pa haki. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.