Usawa wa Kinanda na Haki ya Koo

  

Ndugu msomaji, katika madrasa yetu hapa Mkwaja kijana mmoja aliyekuwa akitusaidia kusomesha alileta kinanda cha umeme, ili awazoeze watoto kasida za Maulidi. (Hukumu ya ala za muziki wanachuoni wamekhitilafiana tangu zamani. Leo siufungui mlango huo. Anayeutaka atanikuta barazani baada ya Ijumaa.) Alikuwapo mtoto wa miaka 10 hivi, aliyejifunza kasida kwa bibi yake. Kila alipopanda kufikia sauti ya tatu, aliiweka juu ya kibao kimoja cha kinanda na chini ya kile kinachofuata, katikati hasa, pasipo na kibao. Mwalimu akamsimamisha: "Unakosea, sikiliza." Akabonyeza. Mtoto akarudia vile vile. Walipofika mara ya nne, mimi nilikuwa nimekaa pale nikahukumu: "Fuata kinanda, mwanangu."

Akanyamaza. Tangu siku ile, wenziwe wakiimba, yeye huchezesha midomo tu.

Hukumu ilikuwa yangu, na ndiyo iliyonikosesha usingizi hata nikaandika haya. Je, nilihukumu kwa haki? Na kile kinanda nilichokifanya hakimu, uhakimu wake umetoka wapi?

Nilikwenda kuuliza wanaojua, na haya ndiyo niliyoyafahamu. Ukichukua uzi wa udi ukaubana katikati, nusu iliyobaki hutoa sauti ile ile ya uzi mzima, ila ya juu. Wapigaji huiita jawabu, kwa kuwa yaijibu ya kwanza. Ukiubana hata ikabaki theluthi mbili, hupata sauti ya tano, na hizo mbili hupatana kama ndugu. Sasa panda kwa sauti ya tano mara 12, kila mara ukizidisha kwa moja na nusu: utafika takriban 129.75. Kisha panda kwa jawabu mara 7, kila mara ukizidisha kwa mbili: utafika 128. Sikio lilitarajia ukutane na sauti moja, lakini hukutani nayo. Njia zote mbili ni sahihi, na baina yao imebaki pengo ambalo hakulitia mtu. Limo katika hesabu yenyewe.

Wazungu walilitafutia pengo hilo dawa. Waliligawa likaenea kote, wakaikata jawabu hatua 12 zilizo sawasawa, wala hakuna hatua iliyo kubwa kuliko mwenziwe. Mafundi huihesabu jawabu kuwa senti 1200, basi kila hatua ni senti 100. Kwa mpango huo sauti ya tano hupoteza senti 2 tu, na ni wachache watakaolijua hilo. Lakini tazama sauti ya tatu. Ile inayopatana kikamilifu iko kwenye senti 386, na kinanda huiweka kwenye 400. Imesukumwa karibu senti 14! Hatua zimekuwa sawa, ila mzigo haukuwa sawa. Mmoja ametozwa 2 na mwingine 14, kisha wote wakaambiwa wamegawiwa kwa usawa.

Sisi tuliosoma fiqhi tunalijua jambo hili kwa jina jingine. Ni sulhu. Watu wawili wanagombana, kila mmoja anasamehe sehemu ya haki yake ili ugomvi uishe na maisha yaendelee. Sulhu ni njema, na sheria imeihimiza. Nayo imewafaa wapiga vinanda: waweza kuanzia nyimbo kwenye kibao chochote isiharibike, na vyombo 20 visivyojuana vikapiga pamoja. Lakini sulhu huwafunga walioingia. Aliyesamehe nusu ya shamba lake kwa ajili ya amani hawezi kwenda kwa jirani wa tatu akamwambia, "Na wewe toa nusu ya lako, maana nusu ndiyo haki." Mtoto yule na bibi yake waliingia lini katika mapatano haya?

Wala usidhani kuwa sauti ile ya katikati ni ya kubahatisha. Mansur Zalzal, mpiga udi wa Baghdad aliyefariki mwaka 791, alikuwa na mahali pake pa kuweka kidole cha kati, na mahali hapo pakaitwa kwa jina lake. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, alipapima: ni kama senti 355 juu ya uzi mtupu. Kinanda kina 300 na kina 400. Hiyo ni sauti iliyopimwa na mwanachuoni zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, nasi tukamwambia mtoto kuwa amekosea.

Waarabu wenyewe walijaribu kuifanyia sulhu yao. Katika karne ya 19 Mikhail Mishaqa, tabibu wa nchi ya Sham, aliandika juu ya kuigawa jawabu robo 24 zilizo sawa, yaani senti 50 kila moja. Mwaka 1932 mfalme Fuad wa Misri akaita mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu mjini Cairo. Walihudhuria hata mabingwa wa Ulaya, akina Béla Bartók na Paul Hindemith, na piano za robo zikaonyeshwa. Baadhi ya Wamisri waliitaka ngazi ya robo sawa, kwa kuwa ndiyo itakayosomesheka shuleni na kutengenezewa piano. Rauf Yekta wa Istanbul aliikataa. Kwake yeye sauti ni 24 lakini hatua zake si sawa. Hawakuafikiana. Wangeafikiana vipi? Sauti ya tatu katika maqam ya Rast, Mturuki huiweka juu na Mmisri huiteremsha. Ukiweka senti 350 kwa amri, si ya huyu wala si ya yule. Kuongeza vibao kutoka 12 hadi 24 kumepunguza dhulma, hakukuiondoa.

Kwetu pwani muziki wa Misri uliingia zamani za Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja kutoka 1870 hadi 1888, na Ikhwani Safaa wakaunda chama chao mwaka 1905. Udi na fidla hazina vyuma shingoni, basi kidole huenda kinapotaka sikio. Baadaye ikaja kodiani, na Tanga mjini Black Star wakalitia gitaa la umeme, lenye vyuma vilivyopangwa kwa zile hatua 12. Sisemi waliharibu. Nimekua na nyimbo zile na nikizisikia hata leo husimama.

Wala sikikatai kipimo. Zakatul-fitri tunaitoa kwa pishi, na asili ya pishi ni mateko manne ya viganja viwili. Viganja vya watu havilingani, ndiyo maana pakawa na kibaba, ili mnunuzi na muuzaji wasiojuana wasidhulumiane. Lakini sijamwona mama akimpakulia mwanawe wali kwa kibaba. Na katika kusoma Qur'ani, wanachuoni wa tajwidi wamepima madda, haraka 2 hapa na 6 pale, kwa kuwa kurefusha na kufupisha huweza kugeuza maana. Hawakupima sauti ipande kiasi gani. Hapo wakaliachia koo.

Nilimweleza haya yule kijana. Akanijibu kwa adabu: "Sheikh, watoto 30 wasipokuwa na kipimo kimoja, kila mmoja ataimba lake." Ni kweli, na sikuwa na jibu la haraka. Tulikubaliana kinanda kitoe sauti ya kuanzia tu, kisha kizimwe.

Nikenda kwa yule bibi kumtaka radhi. Akaniuliza kama na kinanda kimekuja. Nikacheka, yeye hakucheka. Kisha nikamwita mtoto, nikamkalisha peke yake mkekani, nikamwomba aniimbie kasida kama alivyofunzwa nyumbani. Aliniangalia kidogo, akaanza. Aliimba vizuri, kwa adabu, na alipofika kwenye sauti ya tatu aliiweka pale pale kwenye kibao.