Mtoto Mtundu na Swali la Hatia

Hadithi za *Le Petit Nicolas*, zilizoandikwa na René Goscinny na kuchorwa na Jean-Jacques Sempé, zilianza kutoka mwaka 1959 katika gazeti la *Sud-Ouest Dimanche* nchini Ufaransa, na vitabu vitano vya mwanzo vilichapishwa kati ya 1960 na 1964. Msimulizi ni Nicolas mwenyewe, mwanafunzi wa shule. Wenzake ni Alceste asiyeacha kutafuna, Eudes mwepesi wa kuwapiga wenzake ngumi za pua, Clotaire anayeshika mkia darasani, na Agnan anayeongoza, ambaye si rahisi kumpiga kwa kuwa amevaa miwani. Wasomaji huzisoma ili wacheke, na ni haki yao. Hata hivyo, karibu kila hadithi huibua swali moja la maadili: mtoto anayeharibu bila kukusudia, je, ana hatia?

Augustino wa Hippo alijibu kwa ukali. Katika *Maungamo* alishikilia kwamba mtoto mchanga hadhuru kwa sababu viungo vyake ni dhaifu, wala si kwa sababu nia yake ni safi. Rousseau, katika *Émile* ya mwaka 1762, alikana kabisa kwamba moyo wa binadamu huzaliwa na uovu. Mapokeo ya Kiislamu yanafundisha kuwa kalamu haimwandikii mtoto dhambi mpaka abaleghe. Jibu la Aristotle, la kale kuliko yote haya, ndilo lenye makali zaidi hapa: mtoto hutenda kwa hiari, ila bado hana uamuzi unaozaliwa na kutafakari.

Nicolas ni mtoto wa namna hiyo hasa. Siku ya kupigwa picha ya darasa, vijana wanasukumana na kupigana hadi mpiga picha anaondoka zake. Hakuna aliyepanga kumfukuza. Kila mmoja alifuata jambo dogo lililokuwa mbele yake. Katika hadithi nyingine Nicolas anamnunulia mama yake maua ya siku ya kuzaliwa, lakini ugomvi na wenzake njiani unayaharibu. Mama anayapokea kwa furaha, kwa maana anaipima nia ya mwanawe. Kati ya hukumu zote zinazotolewa vitabuni humo, hiyo ndiyo ya haki kuliko nyingine.

Augustino hawezi kupuuzwa, lakini. Eudes anajua vizuri kuwa ngumi inauma, na machozi ya Agnan ni ya kweli. Kutokukusudia hakufuti maumivu ya mwingine, na mtoto anayekanywa hadhulumiwi.

Watu wazima ndio wasio na kisingizio. Baba yake Nicolas hugombana na jirani yake, Blédurt, kwa mambo ya kitoto kabisa. Kwa kipimo cha Aristotle, mwenye kesi ya kujibu ni baba huyo, kwani yeye umri wa kutafakari ameshaufikia.