Jina Juu ya Jiwe

Wazee husema kuwa mtu hufa, jina lake likabaki. Lakini jina hilo hubaki wapi: juu ya jiwe, au vinywani mwa walio hai?

Sisi tukaao Mutanga Sud tuna sababu ya kuuliza. Hatuko mbali na kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, Waziri Mkuu aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961, miezi tisa haijatimia kabla ya uhuru wa Burundi. Kila mtoto wa shule hulijua jina lake.

Desturi ya kuwachorea wafu ukumbusho ni kongwe. Huko Gedi, pwani ya Kenya, lipo kaburi lililochorwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Makanisani mwa Uingereza, tangu karne ya 13, wenye mali walizikwa chini ya mabamba ya shaba yenye sura zao, na maandishi ya kuwasihi wapitao waziombee roho zao. Walidhani shaba haisahau. Lakini Mfalme Henry wa Nane alipozifunga nyumba za watawa, kati ya 1536 na 1540, mabamba mengi yaling'olewa, yakauzwa, yakageuzwa, na nyuma yake wakachorwa marehemu wengine. Aliyelipa ili asisahauliwe akawa mgongo wa ukumbusho wa mwenzake.

Je, kuchora majina ni kiburi kitupu? Hatukubali. Mwaka 2020, katika mkoa wa Karusi, karibu na mto Ruvubu, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya halaiki ya mwaka 1972, ikatoa mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Hapakuwa na jiwe wala bamba. Nguo, miwani na rozari ndizo zilizosaidia kuwatambua baadhi yao.

Hapo twaiona tofauti. Tajiri aliyejichorea shaba alitaka kuwazidi wenzake. Hawa walinyimwa hata kuwa sawa na wenzao. Ukumbusho wa kwanza ni fahari, wa pili ni deni.

Katika mauaji ya mwaka ule, walimu na wanafunzi walikuwa miongoni mwa waliowindwa. Nasi walimu huianza asubuhi kwa kuita majina. Jina lisipoitikiwa, mwalimu mwema hakimbilii kulifuta daftarini. Kwanza huuliza mwenyewe yuko wapi.