Fundi na Spea Kuukuu

Wengi waonao fundi akirudisha spea kuukuu humwita khaini, na si hivyo daima. Gari nyingi ziingiazo Dar es Salaam zatoka Japani zikiwa zimekwisha tumika, na giaboksi zake ni otomatiki. Ifunguliwapo moja Temeke au Kinondoni, sahani za chuma zisizopinda wala kuungua zafaa kurudishwa. Kuzitupa ni israfu. Lakini mipira ya kuzuilia mafuta iliyokakamaa kwa joto, na sahani za klachi zilizolika, havina dawa ila vipya. Avipanguzaye akatoza bei ya vipya amekula haramu, hapana hoja. Lililo zito ni mwenye gari asiye na uwezo asemaye, "Nimeridhia, rudisha." Kwake yeye fundi amesalimika, lakini gia ikiteleza katika barabara ya Kilwa, abiria aliyemo hakuulizwa.