Nani Mharibifu?

Nilipanda miche mia mbili ya mikaratusi kando ya shamba letu la tumbaku, Urambo. Kiangazi kilipofika, zaidi ya nusu ilikuwa imekauka. Ukiuvuta mche, unatoka bila ubishi: mchwa wamekwisha kuutafuna chini kidogo ya udongo.

Nikanunua sumu. Nilikuwa nimesimama kwenye kichuguu, chupa mkononi, jirani yangu mzee aliponiuliza, "Mwanangu, umefyeka miti, ukachoma magogo na majani. Mchwa ale nini?"

Sikuwa na jibu. Kwenye miyombo mchwa hula miti iliyokufa na kuirudisha udongoni. Mimi ndiye niliyemwondolea chakula, nikamwekea mikaratusi, kisha nikamwita mharibifu.

Kilichonizuia zaidi ni kichuguu chenyewe. Mvua za kwanza zikinyesha, watoto wa mzee huyo huja hapo na ndoo kukamata kumbikumbi. Kumbikumbi ni mchwa hao hao, wameota mabawa. Zamani miche ililindwa kwa aldrini na dieldrini. Mwaka 2001 Mkataba wa Stockholm uliziweka miongoni mwa kemikali 12 za kuondolewa duniani, kwa kuwa hudumu udongoni na kujilimbikiza miilini. Chupa yangu ilikuwa ya dawa nyingine, lakini nani angewaambia watoto wasile?

Hata hivyo, bani halingoji tafakuri. Tumbaku hukaushwa kwa moto, na kila mkaratusi unaokufa ni myombo mmoja zaidi utakaokatwa. Bandu bandu huisha gogo, na shoka ni langu, si la mchwa.

Hufikiria miembe ya njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Nayo ilikuja kama mgeni. Misafara ile siisifu. Ilipitisha pembe na watu waliofungwa minyororo. Lakini aliyepanda mwembe alijua kivuli kitamfaa mtu asiyemjua. Mimi nilipanda kuni.

Sumu niliirudisha dukani kwa hasara. Msimu huu nimeacha matawi makavu yaoze kati ya mistari, nikapanda tena. Baadhi ya miche imeliwa. Nimeihesabu: thelathini na mmoja. Sijui kama ni wizi au ni kodi ya kuishi hapa, lakini watoto walikuja na ndoo zao, na sikuwa na haja ya kuwafukuza.